Injini Haisikii Kiingereza

Kuna mjadala mmoja ambao sisi vijana tuliopita vyuoni tunaupenda sana: Kiswahili na sayansi. Kila ikifika tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, tunaurudia upya. UNESCO iliitangaza siku hiyo Novemba 2021, na tangu 2022 tunaiadhimisha kwa makongamano, mashairi, ngoma na hotuba ndefu. Jambo jema, silipingi. Ila leo naomba niutoe mjadala huo kwenye kumbi zenye viyoyozi, niupeleke mahali ambapo wiki hiyo hiyo ya Julai hakuna mtu anayehitaji kiyoyozi: kwenye mashamba ya miti ya Mufindi, saa kumi na moja alfajiri, mbele ya trekta la kuvuta magogo lililogoma kuwaka.

Utaniuliza, mtu wa Bagamoyo na baridi ya Mufindi wapi na wapi? Swali zuri. Sisi wa pwani baridi yetu ni kipupwe. Kusi likivuma mwezi wa saba, utakuta watu wa Kaole na Dunda wamevaa masweta na kulalamika kwamba mwaka huu baridi imezidi. Nyuzi 19 hizo jamani! Gari la huku hata betri ikiwa imechoka, ukipiga stata linaitika. Kwa hiyo tunadhani habari ya injini kugoma kwa baridi ni ya Wazungu na theluji yao.

Sasa hebu inua macho utazame paa lako. Nyumba zinazoota kama uyoga kuanzia Bunju, Mapinga, Kerege mpaka Kiromo, nyingi zimeezekwa kwa mbao za paini. Zamani bibi zetu walijenga kwa boriti za mikoko. Siku hizi tunaagiza mbao zilizokatwa Nyanda za Juu Kusini, zikapakiwa kwenye lori, zikateremka Kitonga, zikapita Mikumi na Morogoro, zaidi ya kilomita 550 mpaka Dar es Salaam, ndipo zikapandishwa kwenye Fuso kuja huku kwetu. Safari yote hiyo inaanza na mtu mmoja aliyeamka alfajiri kupambana na injini ya baridi. Wahenga walisema aliye kando haangukiwi na mti. Sisi tuko kando kweli, lakini mbao za mti huo zipo juu ya vichwa vyetu.

Kwa wasiopajua, Mufindi ndiko liliko Shamba la Miti Sao Hill, kubwa kuliko mashamba yote ya miti ya serikali, linalosimamiwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania, TFS. Ukijumlisha eneo lote, lililopandwa na lisilopandwa, ni zaidi ya hekta 130,000. Pembeni yake kuna maelfu ya wananchi wenye mashamba yao, na kuna zile mashine ndogo za kupasua mbao ambazo wenyewe wanaziita dingdong: meza ya chuma, msumeno wa duara, na injini ya dizeli inayozungusha. Mashine inahamishwa kuifuata miti ilipo. Mji wa Mafinga uko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,900 hivi. Juni na Julai asubuhi huwa chini ya nyuzi 10 mara nyingi, na ukisogea kuelekea Njombe, Makete na uwanda wa Kitulo, kuna alfajiri ambazo nyasi zinaamka zimevaa weupe wa sakitu.

Niliwahi kwenda huko kikazi mwezi wa Julai, na jaketi la kuazima. Habari niliyotumwa ilikuwa ya bei za mbao. Nilichokiona kikanibakia kichwani kuliko bei zenyewe. Niliona vijana wamewasha moto wa mabanzi chini ya injini, kabisa chini ya bakuli la oili, wanauchochea kama mama ntilie anavyochochea moto wa maharage. Hatua mbili kutoka hapo palikuwa na dumu la dizeli. Mwingine alikuwa ameshika kitambaa kilicholowa petroli, anakisogeza kwenye mdomo wa kuvutia hewa huku mwenzake anapiga stata. Nikauliza kama hiyo ni salama. Wakacheka. Nikauliza kama mashine ilikuja na kitabu cha maelekezo. Wakasema kipo kwa tajiri, mjini, na ni cha Kizungu. Tajiri mwenyewe simtaji. Wako wengi kama yeye.

Hapo ndipo hoja yangu ilipozaliwa. Lakini kabla sijaisema, nataka nifanye jaribio dogo. Nataka nieleze kwa Kiswahili kwa nini injini ya dizeli inagoma kwenye baridi, tuone kama lugha itaniangusha.

Injini ya petroli inawashwa na cheche za plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Inajiwasha yenyewe kwa joto la hewa iliyobanwa. Pistoni inapopanda ndani ya silenda inaibana hewa mpaka inabaki na nafasi ndogo mara 16, au hata mara 20 na ushee, kuliko mwanzo. Hewa ikibanwa hivyo inachemka, inafika nyuzi mamia kadhaa. Hapo nozo inapuliza dizeli ndani yake na dizeli inashika moto. Kama hukuamini, chukua pampu ya baiskeli, pampu kwa nguvu, halafu shika chini yake. Ule moto unaouhisi mkononi ndio siri yote ya injini ya lori.

Sasa leta baridi. Adui wa kwanza ni chuma chenyewe. Kimelala usiku kucha kwenye nyuzi 5, kwa hiyo joto lote la hewa iliyobanwa kinalinyonya kabla dizeli haijawaka. Adui wa pili ni oili. Ikipoa inakuwa nzito kama uji uliolala, pistoni zinasukumana nayo na injini inazunguka polepole. Ikizunguka polepole, hewa inapata muda wa kuvuja pembeni ya ringi, hasa kama ringi zimekwisha, na joto linapungua zaidi. Adui wa tatu ni betri. Ndani ya betri umeme unatokana na kemikali, na kemikali zikipoa zinakuwa goigoi. Kwenye nyuzi sifuri betri nzima imeshapoteza kama theluthi moja ya nguvu yake ya kuzungusha stata, na kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri inabakiwa na kama nusu. Yaani oili inaidai betri nguvu nyingi zaidi siku ile ile ambayo betri ina nguvu kidogo zaidi.

Adui wa nne ni wa kwetu hasa, na watu wengi hawamfikirii: mwinuko. Kwenye mita 1,900 hewa ni nyepesi, mgandamizo wake ni kama asilimia 80 tu ya ule wa hapa Bagamoyo ufukweni. Pistoni inabana hewa pungufu, na joto linalopatikana ni pungufu. Ndiyo maana lori linalowaka bila shida Bagamoyo linaweza kukusumbua Mafinga, na dereva akadhani limerogwa.

Umeelewa? Naamini umeelewa. Na sikuhitaji kuazima sentensi hata moja ya Kiingereza.

Turudi kwenye mbinu za vijana wetu, maana kila moja ina gharama. Moto chini ya injini unapasha oili, ni kweli. Pia unaunguza nyaya, mipira na mabomba ya dizeli, na ikitokea mafuta yanavuja, unaunguza mashine na aliyeinama chini yake. Petroli kwenye mdomo wa hewa inawaka mapema kabla pistoni haijafika juu, inapiga kinyume, inavunja ringi na kupasua pistoni. Na kama injini ina hita ya kupasha hewa kwenye njia hiyo hiyo, mvuke wa petroli unalipuka pale pale, usoni mwa mwenye kitambaa.

Kuna wanaolaza trekta mteremkoni ili asubuhi washtue kwa kuliachia. Trekta likiwa linateremka na injini imezima, usukani unakuwa mzito na breki za mashine nyingi zinakosa msaada wa injini. Kwenye barabara ya vumbi la Mufindi iliyoloa umande hiyo ni kamari. Halafu kuna wale wanaoacha lori linanguruma usiku kucha. Lori kubwa likiwa limesimama na injini inawaka linakunywa kama lita tatu za dizeli kwa saa. Zidisha kwa saa kumi, upate lita 30 kila usiku, kazi yake kumwogopa stata asubuhi! Gharama hiyo tajiri haili peke yake. Inaingia kwenye bei ya ubao, na ubao unaununua wewe.

Njia sahihi si siri wala si ghali. Tumia oili inayofaa baridi. Kwenye kopo la 15W-40 ile W inasimama badala ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, na namba iliyo mbele yake ikiwa ndogo, oili inabaki nyepesi zaidi kwenye baridi. Wapo wanaonunua oili nzito ya namba moja, 40 au 50, kwa sababu muuzaji kawaambia "nzito ndiyo inalinda". Kwa Bagamoyo inaweza kupita. Kwa Mufindi alfajiri ni gundi. Safisha vichwa vya betri, kaza nyaya zake, na usiku ifungue uilaze ndani. Wavuvi wetu hapa Bagamoyo kila jioni wanabeba injini ya boti begani mpaka nyumbani, itakuwaje betri imshinde mtu? Kama injini ina plagi za kupasha, washa swichi, subiri taa yake izime, ndipo upige stata. Piga kwa sekunde kumi au kumi na tano, acha ipumue dakika moja au mbili, rudia. Ukiing'ang'ania mfululizo unaiunguza stata na unaua betri.

Ikishawaka usiikanyagie mafuta. Oili bado haijafika juu, chuma kinasuguana na chuma. Iache inguruma taratibu dakika chache. Mashine yenye mikono ya haidroliki, zile za kunyanyulia magogo, nayo ichezeshe polepole bila mzigo mpaka mafuta yake yapate joto. Na jioni kabla hujalala, toa maji kwenye chujio la dizeli na ujaze tangi, maana tangi tupu usiku wa baridi linatoa jasho kwa ndani, na jasho hilo ni maji yatakayokusumbua kesho.

Hayo yote yamo kwenye kitabu kinachokuja na mashine. Tatizo ni lugha ya kitabu. Mashine nyingi zinakuja kwetu zikiwa zimeshatumika, na maandishi yake ni Kiingereza, Kijapani, Kichina au Kijerumani, kutegemea ilikozaliwa. Mwenye pesa anakipokea kitabu, anakifungia kabatini. Anayeiwasha mashine kaishia darasa la saba, kasoma yote kwa Kiswahili, na serikali hii hii ndiyo iliyomsomesha kwa Kiswahili. Halafu tunamlaumu kwamba "hafuati maelekezo". Maelekezo gani?

Sasa twende huko ambako baridi ni baridi kweli. Kanada, Siberia na Ufini wanakata miti kwenye nyuzi 30 chini ya sifuri, wakati mwingine 40. Kule kuna tatizo ambalo sisi hatuna: dizeli yenyewe ina nta ndani yake, na baridi ikizidi nta inaganda na kuziba chujio. Kwa hiyo wanauza dizeli maalumu ya majira ya baridi. Wana hita za umeme zinazochomekwa kwenye injini usiku, na katika miji kama Winnipeg kule Kanada na Fairbanks kule Alaska utakuta maegesho ya magari yenye soketi za umeme. Mmoja wa walioibuni hita ya namna hiyo ni Andrew Freeman, mtu wa North Dakota, Marekani, aliyepewa hataza yake mwaka 1949. Hakuwa mtu wa kiwanda cha magari. Alikuwa mtu anayeishi kwenye baridi na kuchoka kuamka na gari lisilowaka.

Ufini nako kuna Ponsse, kampuni ya mashine za misitu inayojulikana duniani. Iliasisiwa mwaka 1970 na Einari Vidgrén, mtu aliyekuwa mkata miti. Mashine alizokuwa anazinunua zilikuwa zinamfia porini, akatengeneza yake. Fikiria kidogo. Mkata miti mwenye tatizo la mashine, lakini anaishi kwenye nchi ambayo maarifa ya mashine yanapatikana kwa lugha aliyolelewa nayo. Je, Vidgrén wa Mufindi tunaye? Mimi naamini tunaye, tena wengi. Wako kwenye dingdong sasa hivi, wanabuni njia za kupasha injini kwa mabanzi, kwa sababu hakuna aliyewapa mahali pa kuanzia pazuri zaidi.

Na hapa ndipo penye kiini. Katika Umoja wa Ulaya, maelekezo ya mashine kwa lugha ya mnunuzi ni sheria. Waraka wa mashine wa mwaka 2006 unataka kila mashine inayoingizwa sokoni iwe na maelekezo kwa lugha rasmi ya nchi inakouzwa. Ukitaka kuuza trekta Ufini, andika Kifini, na Kiswidi pia, kwa sababu nchi ile ina lugha rasmi mbili. Wafini wote ni kama watu milioni tano na nusu. Sensa yetu ya 2022 ilihesabu watu milioni 5.38 mkoa wa Dar es Salaam peke yake. Yaani watu wanaokaribiana na wakazi wa Dar wanatafsiriwa kila kitabu cha kila mashine, na sisi wa Kiswahili, ambao UNESCO inatuhesabu zaidi ya milioni 200, tunaambiwa tujifunze kwanza Kiingereza ndipo tuwashe trekta!

Wanaosema mashine zina uwezo wa kuleta maendeleo bila maarifa kumfikia anayezishika, nawakumbusha Mpango wa Karanga. Mwaka 1947 Waingereza walikuja Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea, kufyeka pori kwa mashine. Matrekta mengi yalikuwa mabaki ya vita, yaliyonunuliwa Ufilipino kutoka kwenye akiba ya jeshi la Marekani. Hata vifaru vya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta ya kufyekea. Baada ya miezi michache mengi yalikuwa yamelala, vipuri hakuna, mafundi wachache, na vijana wa kuyaendesha wameshikishwa usukani baada ya mafunzo ya haraka haraka. Ardhi ngumu na ukame navyo vilichangia, siwezi kusema kila kitu kilikuwa lugha. Lakini mpango ulipofutwa mwaka 1951 na hasara ya zaidi ya pauni milioni 30, somo lilikuwa wazi: mashine isiyoeleweka na anayeiendesha ni chuma chakavu kinachosubiri siku yake.

Nawajua wasomaji wangu, najua mtakavyonijibu. Nijibu mapema.

Jibu la kwanza: "Kiswahili hakina maneno ya kitaalamu." Mtu wa Bagamoyo akisikia hilo anacheka. Nenda pale ufukweni wanapotengeneza majahazi. Utasikia mkuku, mataruma, mlingoti, foromali, demani, omo, tezi, kalafati. Fundi ana tezo, ana keke. Hiyo ni lugha kamili ya uhandisi wa vyombo vya baharini, imefanya kazi karne nyingi kabla ya chuo chochote. Mengi ya maneno hayo yalikuja na wageni wa bahari, na babu zetu hawakuona haya kuyachukua na kuyafanya yao. Neno usukani lenyewe lilikuwa la chombo cha baharini, likahamia kwenye gari na hakuna aliyelalamika. Gereji nako wameendelea na kazi hiyo hiyo: stata, nozo, ringi, gasketi, klachi, ovaholi. Fundi wa Buguruni anafanya ovaholi ya injini nzima akiieleza kwa Kiswahili mwanzo mpaka mwisho. Maneno yapo mdomoni mwa mafundi. Yanakosekana kwenye karatasi.

Jibu la pili: "Madereva wetu hawasomi." Wewe! Pita asubuhi kituo chochote cha malori uone magazeti ya michezo yanavyogombaniwa, utingo na dereva wanasoma habari za usajili wa Simba na Yanga mpaka tangazo la mwisho. Mimi ni mwandishi wa gazeti, hao ndio wanaonilipa mshahara. Wanasoma sana, wakiandikiwa kwa lugha yao na jambo linalowahusu.

Jibu la tatu: "Ni gharama, wenye viwanda hawatakubali." Wenye viwanda wanakubali Kifini. Wanatafsiri mara moja, wanachapa miaka yote. Na hatuhitaji kuanza na kitabu kizima cha kurasa mia nne. Tuanze na kurasa chache: kuwasha, kuzima, oili, breki, na hatari zinazoua. Karatasi moja ngumu iliyofunikwa plastiki, ikafungwa ndani ya kibanda cha dereva.

Kuna na jibu la nne, ambalo watu hawalisemi kwa sauti: kwamba Kiingereza cha kitabu kinampa tajiri na msimamizi heshima. Yeye ndiye anayejua kilichoandikwa, au anajifanya kujua, na kijana wa chini anabaki wa kuamrishwa. Hili nadhani ndilo gumu kuliko yote, kwa sababu hata sisi wenye digrii tunafaidika nalo. Tukikutana na fundi tunamtupia maneno mawili ya Kizungu, anatuita bosi. Tujitazame.

Basi ninapendekeza nini?

Kwanza, tuwe na kanuni inayosema mashine nzito ya kazi, mpya au iliyotumika, isiuzwe kwa ajili ya kuendeshwa na wafanyakazi bila maelekezo ya msingi kwa Kiswahili. Hatuanzii hewani. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelekezo na mafunzo. Maelekezo kwa lugha isiyoeleweka si maelekezo. Na mwaka 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Kama jaji anaweza kumwandikia hukumu mtu wa Kiwangwa akaielewa, kiwanda kinaweza kumwandikia mtu wa Mafinga jinsi ya kuwasha injini.

Pili, BAKITA wakae na mafundi. Baraza hili lipo tangu 1967, lina wataalamu wazuri. Lakini istilahi za mashine zisitungwe mezani halafu zikapelekwa gereji kama dawa. Waende gereji na madaftari. Waulize fundi anaitaje kitu hiki, na kama jina lipo na linaeleweka Mwanza na Mtwara, waliandike. Neno stata limeshashinda, tusipoteze mwaka kulitafutia mrithi.

Tatu, vyuo vyetu. Tunacho Chuo cha Viwanda vya Misitu Moshi, tunacho Chuo cha Misitu Olmotonyi, tunacho Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro, tuna VETA nchi nzima. Pale Mafinga kumejengwa kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao kwa ushirikiano na Ufini. Vijana wanaomaliza huko waandike. Kila mwanafunzi wa shahada anaandika tasnifu inayokaa rafuni kula vumbi. Kwa nini mmoja asiandike kijitabu cha kurasa 20 cha dereva wa trekta kwenye baridi, kwa Kiswahili, kikahesabiwa kuwa kazi ya kitaaluma?

Nne, sisi waandishi. Magazeti yetu yana kurasa za siasa, michezo, mapenzi na nyota. Ukurasa wa fundi uko wapi? Naamini ungesomwa. Nitamwambia mhariri wangu, na akikataa nitauandika hapa hapa.

Sisemi watu waache Kiingereza. Mimi mwenyewe nimekisoma, kinanisaidia, na mtoto wa Mufindi anayetaka kukijua apewe nafasi akijue. Ninachokataa ni kumfanya mtu alipe kwa vidole vyake, kwa macho yake, wakati mwingine kwa uhai wake, kosa la kutokujua lugha ambayo hakufundishwa vya kutosha. Injini yenyewe haina ubaguzi huo. Haisikii Kiingereza wala Kiswahili wala Kihehe. Inasikiliza joto, oili, betri na hewa. Anayehitaji lugha ni binadamu aliyesimama mbele yake saa kumi na moja alfajiri na vidole vimekufa ganzi.

Julai ijayo tutakutana tena kwenye makongamano ya Kiswahili. Mashairi yatasomwa, keki itakatwa, na tutapongezana. Nitahudhuria, Mungu akipenda. Ila nitakuwa na swali moja mfukoni kwa yeyote atakayepanda jukwaani: tangu Julai iliyopita, ni kitabu cha mashine gani tumekitafsiri?

Wewe msomaji unaonaje? Kama una ndugu Mafinga, Njombe au Makete anayeendesha mitambo hii, mpigie umuulize anaiwashaje asubuhi. Jibu lake huenda likawa makala bora kuliko hii.

Nawasilisha.